Mzigo Wangu kwa Fundi

Fundi hakujua kuendesha gari. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani uzee umeanza kunichanganya, lakini ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyeweza kuifungua injini ya Benzi, akaitandaza juu ya gunia nati kwa nati, akairudisha bila kubakiza hata kipande cha waya, hakuwahi kushika usukani barabarani. Kutoka Ujiji hadi Kigoma mjini alikuja kwa miguu, sanduku la spana kichwani, na kwa miguu alirudi. Dereva wetu alisimama mara nyingi kumwomba apande. "Nenda tu," Fundi alimjibu, "mimi nazijua hizo."

Sitasema alizaliwa wapi. Watu walisema alitoka ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, lakini nusu ya Ujiji ina jamaa zake ng'ambo, kwa hiyo hilo si jambo la kusimuliwa. Jina lake nalo naliacha. Sisi tulimwita Fundi, na kuanzia Buzebazeba hadi Katonga ukisema Fundi bila kuongeza neno, hakuna aliyedhani unamsema seremala.

Mimi nilikuwa karani wa usafirishaji katika shirika moja la umma. Shirika lenyewe lilikufa zamani na sina nguvu za kulifukua. Enzi zile za Ujamaa magari ya watu binafsi kwetu yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole: la mfanyabiashara mmoja, la padri, la daktari. Mengine yote yalikuwa ya serikali na mashirika, na mengi yalikuwa ya kubeba mizigo na kupanda milima. La kwetu ndilo lililokuwa la fahari. Benzi jeusi, viti vya ngozi. Lililetwa kwa treni kutoka Dar es Salaam juu ya behewa la wazi, limefunikwa turubai, na siku lilipoteremshwa stesheni watoto walitoroka shule. Kazi yake ilikuwa kumbeba Meneja na wageni wake, na barabara za kulifaa zilikuwa fupi: stesheni, bandarini, uwanja wa ndege, Ujiji, basi. Asubuhi tulihubiriwa kubana matumizi, mchana tukaliosha Benzi. Mimi sikushangaa. Nilikuwa na mke, watoto wanne na nyumba ya shirika, na mtu anayelala kwenye nyumba ya shirika hashangai ovyo.

Gari lile lilikuja na sheria zake. Lisiguswe na mtu yeyote ila kampuni iliyoliuza, na kampuni ilikuwa Dar. Likikohoa, niandike barua. Barua ijibiwe. Nikaombe behewa. Behewa lipatikane. Dereva apande treni nalo, apewe posho, akakae Dar kwa mjomba wake akingoja. Mara moja kioo cha dirisha la nyuma kiligoma kupanda, na kwa kioo hicho gari lilikwenda mvua zinaanza, likarudi watu wanachoma mahindi. Gharama ya kioo, treni na tumbo la dereva ingenunua mtumbwi mzima na injini yake. Na lilipofika, kioo kikawa kinapanda ila hakishuki. Hatukuandika barua nyingine. Nani atauanza upya mwendo ule?

Fundi aliyasikia hayo akacheka mpaka akakaa chini. Halafu, ndiyo maana nasema mtu yule alikuwa haeleweki, akaitetea kampuni. "Msiwaseme hao," alisema. "Wale wako na vyombo. Mimi niko na masikio tu."

Na masikio alikuwa nayo. Alichukua mwiko wa kusongea ugali, ncha moja akaiweka kwenye injini, nyingine sikioni, akafumba macho. Mkewe alikuwa na miiko miwili, mmoja wa ugali na mmoja wa magari, na ole wake atakayeichanganya. Baada ya kusikiliza alitoa hukumu, na hukumu zake zilikuwa tatu tu. "Ya kwangu," maana yake ataitengeneza. "Ya kampuni," maana yake usipoteze muda wako, pakia kwenye treni. "Ya Mungu," maana yake kanunue baiskeli.

Hakuona haya kusema "ya kampuni". Padri alimletea gari lake, giaboksi inalia, akampa pesa mkononi kabla ya kuulizwa. Fundi akasikiliza, akarudisha pesa. "Nikiifungua hii, Padri, nitaifunga na bado italia, na wewe utadhani nimekuibia." Padri akakasirika, akampelekea kijana mwingine wa mjini aliyesema anaweza. Mwezi ule wote padri alikwenda Kalinzi kuwazungukia waumini wake kwa miguu, na akirudi akipita karibu na karakana, Fundi alijifanya anatafuta kitu ndani ya pipa ili wasitazamane.

Alikosea pia, nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kwa gari la daktari alikata gasketi kutoka kwenye mkanda wa ngozi, mkanda wake mwenyewe, akashikilia suruali kwa kamba. Gasketi ilidumu wiki mbili. Gari likamwaga mafuta mbele ya hospitali, daktari akaja juu, na Fundi akasikiliza matusi yote mpaka mwisho. "Mkanda ulikuwa mzuri," alisema. "Mimi ndiye niliukata vibaya." Akaitengeneza tena bila malipo, na kwa muda mrefu aliendelea kuvaa kamba.

Kitu kimoja tu alichodanganya, nacho ni siku. Kila kazi ilikuwa kesho asubuhi. Ukija kesho asubuhi, unamkuta amekaa juu ya tairi anakula samaki wa kuchoma, mgebuka, gari lako liko vilevile lilivyokuwa. "Kesho asubuhi," anakwambia, bila hata kuacha kutafuna. Nilimuuliza siku moja, wewe Fundi mbona unasema kweli ya chuma na unadanganya ya saa? Akafikiri. "Chuma nakijua," akasema. "Kesho siijui."

Karakana yake ilikuwa uwanja wa nyuma wa nyumba yake, umeezekwa mapipa yaliyonyooshwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Mkewe alikamua mawese upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo pale palinuka mawese na dizeli pamoja, na hata leo nikisikia harufu ya mawese mabichi nahisi kuna gari limelala karibu. Jioni Fundi alinawa kwa mawese kwanza, akasugua na majivu, ndipo akashika sabuni. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole. Hakumpa mtu mkono kabla ya kunawa, awe nani.

Sasa nifike kwenye desturi yake moja ambayo ndiyo imenifanya niandike haya. Mafundi wengine kifaa kibovu wanakitupa, au wanakiweka ili wamuuzie mjinga mwingine. Fundi alikirudisha. Kila alichokitoa kwenye gari lako, hata springi iliyokatika, hata mpira uliooza, alikifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu akakukabidhi. "Mzoga ni wa mwenyewe," alisema. Kampuni ya Dar haikutuletea mzoga hata siku moja. Ilituletea karatasi iliyosema kimebadilishwa hiki na hiki, nasi tukaiamini karatasi.

Na kukabidhi kwenyewe kulikuwa na utaratibu. Ulifungua kifurushi mbele yake, ukataja kimoja kimoja kwa sauti. "Nimepokea springi moja. Nimepokea nati mbili." Ukikataa, ufunguo wa gari hupati. Watu wazima, wenye vyeo vyao, nimewaona wamesimama juani wanasema nimepokea bolti, nimepokea bolti nyingine, kama watoto wa chuo wanaosomeshwa juzuu. Ukishamaliza ndipo aliposema, "Basi. Kazi imekwisha." Kabla ya hapo, kwake yeye kazi ilikuwa haijaisha, hata kama umelipa na gari linatembea.

Benzi letu lilianza kutoa moshi mweusi siku tatu kabla ya mgeni mkubwa kutoka makao makuu ya shirika. Si moshi tu. Kilima cha kutoka stesheni lilikuwa linapanda kwa kuombewa. Meneja aliniita. Alikuwa mtu wa kukunja shati vizuri na kusema polepole.

"Ndugu Karani, mgeni atapanda nini?"

"Landrova ipo, Ndugu Meneja."

Akanitazama kama nimesema mgeni abebwe na punda. "Nataka Benzi litembee. Na nataka masharti ya kampuni yaheshimiwe. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Alitaka vitu viwili visivyokaa chungu kimoja, na aliyetakiwa kuungua ni mimi. Nilipiga simu ya maandishi Dar. Jibu lilikuja kesho yake: pakieni kwenye treni. Basi mimi na dereva, Muha mmoja mpole wa Kalinzi ambaye jibu lake kwa kila kitu lilikuwa "ego", ndiyo ya Kiha, tukalipeleka Benzi Ujiji likitoa moshi kama tanuri la matofali.

Fundi akaweka mwiko, akafumba macho. Akahama, akasikiliza upande wa pili. "Iko na maji," akasema. "Dizeli yenu iko na maji, imeingia kwenye pampu, chuma cha ndani kimeshika kutu kidogo, hakiendi hakirudi. Ya kwangu hii."

Nilitaka kumkumbatia. Lakini hakuinuka. Alinyoosha kidole kwenye pampu, na pale nikaona kidonge cha risasi kimebanwa kwenye waya mwembamba, kina alama ya kampuni, kama zile lakiri wanazofungia milango ya mabehewa pale stesheni.

"Hii ni mdomo wa mwenyewe," alisema. "Ameufunga. Mimi sifungui mdomo wa mtu bila neno."

"Mimi ndiye nakwambia, Fundi. Vunja."

"Wewe ni karani. Andika."

Dereva akatazama pembeni. Nilichana ukurasa kwenye daftari la safari, nikaandika cheti juu ya boneti, maneno nayakumbuka yote: Fundi, vunja lakiri utengeneze. Likitokea jambo nitajibu mimi. Nikatia sahihi. Yeye alisoma Kiarabu cha msahafu vizuri kabisa, lakini herufi zetu alizisoma kwa shida, kwa hiyo akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, ndipo akachukua koleo.

Kabla hajafungua alikwaruza mstari mdogo kwenye skrubu, ili airudishe palepale kampuni ilipoiweka. Akaisafisha pampu kwenye beseni la mkewe. Akamwaga tanki lote, akatuonyesha maji chini ya chupa. Akatufundisha kuchuja dizeli kwa kitambaa kizito kabla ya kuitia. Kesho asubuhi, na safari hii kesho asubuhi ya kweli, Benzi lilipanda kilima cha stesheni kama lisilojua kuwa ni kilima.

Mgeni alikuja, akapanda, akashuka, akaondoka. Meneja alinipongeza kwa kichwa. Hakuuliza limeponaje, na mimi sikumwambia. Siku ile ya kulichukua gari tulikuwa na haraka, mgeni yuko njiani, Fundi akasimama na kifurushi mkononi akisema, "Karani, mzigo wako." Nikamwambia nitaupitia, nipe ufunguo kwanza. Ni mimi peke yangu niliyewahi kupewa ufunguo naye bila kusema nimepokea. Labda kwa sababu aliniona ninavyotoka jasho.

Miezi ikapita. Gari likaenda Dar kwa ukaguzi wake wa kawaida, na likarudi na barua. Kampuni iliona lakiri imevunjwa. Kwa hiyo haiwajibiki tena na chochote, na kwa usalama imefunga pampu mpya kabisa, malipo yake ni haya. Meneja aliisoma barua akiwa amesimama. Zilikuwa siku mbaya za neno hujuma. Redio ilisema hujuma, mikutano ilisema hujuma, ukivunja kikombe cha ofisi unaangalia nyuma. Aliniita mimi na dereva.

"Nani alivunja lakiri ya mali ya umma?"

Nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka leo, nikasema, "Gari lilipita kwa fundi mmoja Ujiji, Ndugu Meneja."

Lilipita. Kama mbuzi aliyekata kamba! Dereva alinitazama, akaangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema ego.

Fundi akaletwa. Alikuja kwa miguu kama kawaida, amenawa, amevaa kanzu safi. Alisimama mbele ya meza ya Meneja, mimi nimesimama kando, urefu wa mkono mmoja tu kati yetu.

"Wewe ndiye uliyevunja lakiri ya kampuni?"

"Ndiyo."

"Nani alikutuma?"

Hapo ndipo aliponitazama. Hakunikazia macho, hakunitisha. Alinitazama kama anavyomtazama mwenye gari anayeulizwa mara ya mwisho alibadilisha mafuta lini. Alinisubiri niseme. Nyumba ya shirika ilikuwa na vyumba vitatu na bomba ndani, mtoto wangu wa mwisho alikuwa ananyonya. Nikakohoa. Hilo ndilo neno nililotoa, kikohozi.

"Mikono ni yangu," Fundi akamjibu Meneja.

"Sikuulizi mikono. Nauliza nani alikutuma. Na wewe si mtu wa ng'ambo wewe?"

"Mikono ni yangu," akarudia.

Siku ile ile nilichapa barua kwa mashine yangu mwenyewe, kwa vidole hivi, kwenda kwa kila shirika na kila ofisi yenye gari: mtu huyu asipewe kazi ya gari la umma. Nilichapa nakala kumi na mbili. Nimeshasema magari ya watu binafsi yalikuwa mangapi. Daktari alihamishwa, mfanyabiashara akafunga duka akaondoka, na padri hakuwa amemsamehe. Karakana ilinyamaza. Mapipa ya paa yakaanza kuuzwa moja moja.

Benzi nalo lilianza moshi tena kabla ya miezi mitatu, kwa pampu mpya ya kampuni. Hakuna aliyekuwa anachuja dizeli. Kitambaa kilikuwa neno la Fundi, na neno la Fundi lilikuwa limepigwa marufuku. Lilikwenda Dar mara mbili nyingine. Mara ya tatu fedha za behewa hazikupatikana, likawekwa juu ya mawe nyuma ya ofisi, na kuku wa mlinzi wakataga kwenye viti vya ngozi.

Fundi akahamia kwenye taa za karabai. Wavuvi wa dagaa hawana kitu wanachokiogopa kama taa kuzima katikati ya ziwa, na kule Katonga palikuwa na kazi ya kutosha mtu asife njaa, si zaidi. Akatengeneza na baiskeli. Tulikutana, mji wenyewe huu una barabara ngapi? Kila tulipokutana alisema jambo lilelile, bila hasira, kama mtu anayekumbusha: "Karani, una mzigo wako kwangu."

"Nitaupitia, Fundi."

Nilisema hivyo msibani. Nilisema hivyo mlangoni kwa kinyozi. Siku ya Idi nilisema hivyo nikiwa nimebeba sahani ya pilau ya watu. Nilijua ni mzoga wa pampu, kidonge cha risasi na kiwaya, kitu cha kutupa. Lakini kwenda kuuchukua ni kusimama mbele yake na kutaja kilichomo. Ilifika mahali nikimwona mbali nageuza njia. Nilichoka kugeuza njia. Mtu hajui ni kazi nzito kiasi gani mpaka aifanye miaka.

Shirika lilipokufa, Meneja alishahama, na nyumba nikaambiwa niiache ndani ya mwezi mmoja. Hivyo ile nyumba niliyonyamaza kwa ajili yake ilikwenda vilevile. Nikapanga vyumba viwili Buzebazeba. Nilikaa huko siku chache nikajisikia jasiri, na sijidanganyi, ule ni ujasiri wa mtu ambaye hana tena cha kunyang'anywa. Asubuhi moja nikatembea hadi Ujiji.

Mkewe alikuwa uani anakamua mawese. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Miaka yote nimeishi mwambao huu sijawahi kunyimwa marahaba, hata na mtu niliyemkosea. Aliendelea kukamua.

"Yuko Katonga," akasema mwishowe. "Na mzigo wako kaubeba. Kila siku anaubeba humo sandukuni, kwenda na kurudi. Nilimwambia autupe ziwani. Nikamwambia basi aupeleke kwa huyo Meneja aone kilichomo. Anasema si wa kwake." Akanyanyua uso. "Paa langu liliondoka pipa kwa pipa, Karani. Na kitu chenyewe kimekaa sandukuni."

Sikuelewa alichomaanisha, na sikuthubutu kuuliza. Nikashika njia ya Katonga.

Palikuwa na watu wengi, boti zimeingia, wanawake wanaanika dagaa, wachuuzi wanapigizana kelele za bei. Yeye alikuwa amekaa juu ya kreti, karabai mbele yake, anatoboa nozeli kwa sindano. Nikasimama. "Shikamoo, Fundi." Aliendelea kutoboa. Nikarudia. Kijana mmoja muuza samaki akaniambia, "Mpigie kelele, Mzee hasikii. Masikio yamekufa."

Masikio! Mtu aliyesikia maji ndani ya pampu kwa mwiko wa ugali! Nilitaka kurudi nilikotoka, Mungu anisamehe, si kwa uoga safari hii, ni huzuni tu. Lakini kivuli changu kilikuwa kimeshamwangukia, akainua macho akanitambua.

"Karani," akasema, kwa ile sauti kubwa ya viziwi. "Umekuja kwa mzigo wako."

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaweka sindano chini. Akanawa, pale pale, kwa mawese ya kwenye kichupa na mchanga wa ufukweni, kidole kwa kidole, akanifanya nimsubiri. Kisha akafungua sanduku, akainua kila spana, na chini kabisa akatoa kipande cha kanga kilichofifia mpaka hujui kilikuwa rangi gani. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikafungua. Kidonge cha risasi na waya wake, kama nilivyotarajia. Na chini yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliijua kabla sijaikunjua. Mistari ya daftari la safari, mwandiko wangu wa ujana, sahihi yangu yenye mkia. Likitokea jambo nitajibu mimi.

Ilikuwa mfukoni mwake, au sandukuni mwake, siku ile mbele ya Meneja. Neno moja tu, mkono mfukoni, na yeye angetoka ofisini salama na mimi ningetoka bila kazi. Nilikuwa nimeisahau karatasi ile. Hapana, nisiseme uongo tena: nilijilazimisha kuamini kwamba aliitupa.

"Kwa nini hukumwonyesha?" Niliuliza kwa sauti ya kawaida, hakusikia. Nikamwinamia sikioni nikapiga kelele. "Fundi! Kwa nini hukuitoa?"

Alinishangaa kweli. "Nimpe Meneja? Ni ya kwako. Mimi sigawi mali ya mteja." Halafu akasema kwa upole zaidi, "Nilingoja wewe uitaje."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikaanza kukunja kanga nijiondokee. Akanishika kifundo cha mkono.

"Bado. Taja."

"Nimepokea," nikasema.

"Sisikii."

"Nimepokea, Fundi!"

"Umepokea nini?"

Wanawake wa dagaa waligeuka. Yule kijana wa samaki alisimama na kisu mkononi. Nikavuta pumzi.

"Nimepokea lakiri moja!"

"Na?"

"Na cheti kimoja!"

"Cha nani?"

"Changu!" Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, na watu wa boti ya karibu wakaacha kukunja nyavu. "Cheti changu! Ni mimi niliyekutuma uvunje! Nilisema nitajibu, sikujibu!"

Alinitazama mdomo mpaka nilipoufunga. Sijui alisikia kiasi gani. Wengine wote walisikia.

"Basi," akasema Fundi. "Kazi imekwisha."

Akaokota sindano yake, akaangalia ile nozeli juani, kisha akaniambia nisogee kidogo, nimemzibia mwanga.